Seneta wa Mtwara angetufaa nini? Jibu kwa karani wa AMCOS wa Newala

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni karani wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, huku Newala. Juzi tukiwa ghalani tunasubiri lori, mwenzetu mmoja alitusomea kwenye simu wasifu wa seneta mmoja wa Kenya aliyestaafu. Umeandikwa kwamba 'alitoa mchango mkubwa katika mijadala ya Bunge na kukuza ushirikiano wa kikanda'. Ubishi ukaanzia hapo. Mmoja akasema hayo ni maneno ya kujaza karatasi. Mwingine akasema tatizo letu watu wa kusini ni kukosa seneta, tungekuwa naye korosho isingetutesa. Naomba utufafanulie: mchango wa namna hiyo ni kitu gani hasa, unapimwaje, na kama Mtwara na Lindi tungekuwa na maseneta, kuna ambacho kingebadilika?"

Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nimejiapiza kupumzika na Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, kwa wiki nzima, lakini ubishi wa ghalani nauheshimu kuliko semina nyingi nilizowahi kuwaendeshea madiwani, kwa hiyo nimekaa chini nikuandikie kwa urefu. Wasomee wenzako. Na huyo aliyesema ni maneno ya kujaza karatasi, mwambie asiondoke mapema, kwa sababu ana nusu ya ukweli.

Tuanze na seneta mwenyewe, maana huku kwetu neno hilo tunalisikia redioni tu. Seneti ya Kenya ya sasa, yaani chombo cha pili cha Bunge lao, imezaliwa na Katiba yao ya mwaka 2010, ikaanza kukaa mwaka 2013. Walikuwa nayo nyingine baada ya uhuru, ikafutwa mwaka 1966. Hii ya sasa ina maseneta 67. Kati yao 47 huchaguliwa na wananchi, mmoja kwa kila kaunti (eneo lenye gavana na bunge lake), na waliobaki huingia kwa orodha za vyama: wanawake 16, vijana wawili na watu wenye ulemavu wawili. Kazi waliyopewa ni moja kubwa, nayo ni kuzisemea kaunti. Wanapitisha namna fedha za taifa zinavyogawanywa kwenda kaunti, wanafuatilia fedha hizo zimetumikaje, na gavana akishtakiwa na bunge la kaunti yake, wao ndio wanaosikiliza na kuamua kama aondoke au abaki.

Jambo ambalo mwenzako wa pili angelipenda, kama angelijua, ni namna wanavyopiga kura. Hoja inapogusa kaunti, vichwa havihesabiwi. Kila kaunti ina kura moja. Lamu, ambayo kwa sensa yao ya mwaka 2019 watu wake hawakufika laki na nusu, ina kura moja. Nairobi, yenye watu zaidi ya milioni nne kwa sensa hiyo hiyo, nayo ina kura moja. Ndiyo maana mwaka 2020 Seneti yao ilikwama kwa wiki kadhaa, kikao kikiahirishwa baada ya kikao, kwa sababu ya kanuni ya kugawa fedha. Kaunti zenye watu wengi zilitaka fedha zifuate watu. Kaunti kubwa za maeneo makame, zenye watu wachache na barabara ndefu, ziliona zitapoteza mabilioni. Mambo yalifika mahali maseneta watatu wakakamatwa na polisi siku moja wakati mvutano ukiendelea. Septemba wakapatana, na sehemu ya mapatano ilikuwa kwamba fungu la kaunti zote liongezwe kutoka shilingi za Kenya bilioni 316.5 hadi bilioni 370 mwaka uliofuata, ili asiwepo wa kupunguziwa.

Hapo, mwanangu, mchango wa seneta unauona kwa macho. Waliogoma waligoma, kanuni ikacheleweshwa, fungu likapanda. Ukimkuta seneta wa miaka ile anaandikiwa kwamba alichangia mijadala, una haki ya kuuliza: katika zile wiki alisimama upande gani, na kaunti yake ilitoka na nini?

Sasa turudi kwetu. Tanzania ina Bunge moja, na chombo cha pili ambamo mkoa ungekaa kama mkoa hatuna. (Zanzibar wana Baraza la Wawakilishi, lakini hilo ni la mambo ya Zanzibar.) Mbunge wako anawakilisha jimbo, anakaa pia kwenye baraza la madiwani la halmashauri yake na kwenye kamati ya ushauri ya mkoa. Mle Dodoma ni kichwa kimoja kati ya vichwa zaidi ya 350. Ukichukua majimbo yote ya Mtwara ukaongeza na ya Lindi, hayafiki 30. Kwa hesabu hiyo peke yake, mwenzako anayelilia seneta ana sababu ya kulia.

Lakini tumjaribu kwa korosho yenyewe, kwa kuwa ndiyo aliyoitaja.

Unakumbuka Juni 2018. Kwa wale vijana waliokuwa bado shuleni: korosho ghafi ikiuzwa nje hutozwa ushuru, asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 kwa tani, inayozidi ndiyo inayolipwa. Sheria ya tasnia ya korosho ilikuwa inasema asilimia 65 ya ushuru huo irudi kwenye zao lenyewe, na humo ndimo ilimotoka sehemu ya fedha za salfa, miche na utafiti. Muswada wa Sheria ya Fedha wa mwaka 2018 ukaja na kifungu cha kubadilisha hilo: ushuru wote uende Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walisimama, wa chama tawala na wa upinzani, na mle ndani pakawaka moto kwa siku kadhaa. Nilizifuatilia siku zile nikiwa na daftari. Nakwambia kwa dhati, sijasikia mijadala mingi ya Bunge letu ambamo watu wa eneo moja wamezungumza kwa takwimu na kwa umoja kiasi kile. Na wakashindwa. Kifungu kikapita.

Halafu ikaja Oktoba, minada ikaanza, wakulima wakazikataa bei, na Novemba Serikali ikatangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuwatuma wanajeshi wakaisombe. Msimu ule wewe unaujua kwa kuuishi, sihitaji kukuhadithia ni nani alilipwa lini, wala kangomba, wale wanunuzi wa nje ya mfumo rasmi, walivuna nini pale katikati.

Je, seneta angezuia? Nimelipiga hesabu swali hili kwa namna mbili na zote zimenirudisha kule kule. Kwanza, hata kule Kenya, Muswada wa Fedha wa kila mwaka hupita katika Bunge la Taifa peke yake. Seneti haiupigii kura. Kifungu kile cha korosho kilikuja ndani ya Muswada wa Fedha. Kwa hiyo seneta wa Mtwara, kama angekuwa wa mtindo wa Kenya, angekaa nje ya ukumbi anasikiliza redio kama mimi na wewe. Pili, tuseme tumeunda Seneti ya kwetu na tumeipa nguvu zote, kila mkoa kura moja. Tanzania Bara ina mikoa 26. Korosho kwa wingi iko Mtwara, Lindi, Ruvuma, Pwani na Tanga. Kura tano. Wingi ni kura 14; hizo tisa nyingine ungezipata wapi? Ungezipata kwa kwenda kukaa na watu wa kahawa wa Kagera na watu wa pamba wa Simiyu, ukawaambia: leo ni ushuru wa korosho, kesho ni wa kwenu. Kazi hiyo mbunge aliyepo leo anaweza kuifanya bila Seneti yoyote. Inafanyika kwenye mgahawa wa Bunge na kwenye korido, miezi kabla ya muswada kusomwa. Kwa maoni yangu kusini ilikosa hilo mwaka 2018. Hotuba zilikuwa nzuri, majirani walikuwa hawajatongozwa.

Hapo ndipo ninapomrudia yule wa maneno ya kujaza karatasi.

Mchango bungeni, kwa lugha ya mle ndani, ni kusimama na kuzungumza pale mjadala wa jumla unapofunguliwa. Mbunge anapewa dakika zake, mara nyingi kumi, kengele ya kwanza inalia, ya pili inalia, anaambiwa amalizie. Ukisoma Hansard nyingi utakuta michango ina sura moja. Anamshukuru Mungu, anamshukuru Rais, anampongeza waziri na naibu wake na katibu mkuu, anawasalimia wapiga kura, anasema anaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja, kisha anatumia dakika nne zilizobaki kulalamikia ile hoja aliyoiunga mkono. Simcheki. Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti, na kila mbunge akiingia ukumbini analijua hilo. Lakini ukihesabu mara ngapi mtu amechangia, umehesabu kengele tu. Siku za bajeti magazeti hupenda kutoa orodha ya waliochangia mara nyingi, na kila mwaka nazisoma kwa huzuni kidogo, maana wapo wabunge ninaowajua hawamo katika orodha hizo na wamefanya kazi kubwa kuliko waliomo.

Kazi kubwa iko wapi? Iko kwenye kamati na kwenye jedwali la marekebisho.

Muswada ukishasomwa mara ya kwanza unapelekwa kwenye kamati. Huko wanakaa wabunge wachache mezani na wataalamu wa wizara, wadau wanaitwa, kifungu kwa kifungu. Chama chenu kikuu cha ushirika kinaweza kuandika barua na kuomba kusikilizwa. Mara nyingi Serikali ikikubali hoja humo, muswada unarudi ukumbini ukiwa umeshabadilika, na wananchi wanaotazama televisheni hawajui kwamba palikuwa na mtu aliyekaa mpaka saa tatu usiku akipigania neno moja. Mbunge ambaye hakuridhika anaandika jedwali la marekebisho: kifungu fulani, futa maneno haya, weka haya. Karatasi hiyo ina jina lake. Kwangu mimi jedwali moja lililokubaliwa lina uzito kuliko hotuba ishirini, kwa sababu neno aliloliweka mle litakuja kumfunga au kumwokoa mtu mahakamani miaka kumi baadaye.

Kuna na kutoa shilingi, ambako wengi wanakujua kwa kichekesho. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika na maelezo anaweza kutoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara wa waziri. Shilingi yenyewe si kitu. Kinachotafutwa ni kumlazimisha waziri asimame ajibu mbele ya wote, na jibu lake liandikwe. Mbunge mjanja akishapata ahadi anairudisha shilingi. Asiye mjanja anairudisha kabla.

Kura nayo ina mtego wake. Bajeti kuu ya Serikali hupigiwa kura kwa kuitwa jina, mmoja mmoja, kwa hiyo ndiyo na hapana ya kila mtu inabaki kwenye kumbukumbu. Miswada kwa kawaida huamuliwa kwa sauti: wanaosema ndiyo, wanaosema siyo, waliosema ndiyo wameshinda. Sauti hazina majina. Mtu anaweza kupaza sauti ukumbini kutetea korosho mchana, jioni akanyamaza kwenye siyo, na wewe huku Newala usijue kamwe. Wasifu unaosema alitetea wakulima hautakwambia hilo.

Na zipo kazi zinazofanywa kwa kurudia tu, mwaka baada ya mwaka, mpaka watu wanachoka kukusikia. Chukua barabara yenu, Mtwara hadi Masasi kupitia Nanyamba, Tandahimba na Newala, kilomita 210. Wabunge wa majimbo hayo waliiuliza kama swali la msingi, kama swali la nyongeza, wakaichangia kwenye bajeti ya ujenzi, wakaibadilishia jina wakaiita barabara ya uchumi wa korosho. Ukapatikana mkataba wa kilomita 50 za mwanzo, Mtwara hadi Mnivata. Zile 160 zilizobaki, Mnivata hadi Masasi, zilisubiri mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Nani aiandike hiyo kwenye wasifu wake? Wote, na hakuna mmoja peke yake. Ukimwona mwanasiasa anasema "nilileta barabara", mwulize tu ni kilomita zipi.

Ibara ya 99 ya Katiba nayo inafaa uijue, kwa sababu inafunga mikono kuliko watu wanavyodhani. Mbunge wa kawaida hawezi kuleta muswada wa kutoza kodi mpya wala wa kutoa fedha kwenye Mfuko Mkuu. Hoja hiyo lazima itoke kwa Rais kupitia waziri. Kwa hiyo mbunge anayekuahidi kwamba ataleta sheria ya kurudisha fedha za korosho, anachoweza kukuletea ni kelele za kumfanya waziri ailete. Kelele zina thamani yake, ila ziitwe kwa jina lake.

Nimekaa sana bungeni. Twende kwenye ushirikiano wa kikanda, ambako nadhani watu wa Mtwara na Lindi tumepotea njia hata ya kuuliza.

Mwanasiasa wa Tanzania ana mabaraza makubwa ya nje anayoweza kukaa. La kwanza ni Bunge la Afrika Mashariki, Arusha, lililozinduliwa mwaka 2001. Kila nchi mwanachama ina wabunge tisa, nao huchaguliwa na bunge la nchi yao lakini hawatoki miongoni mwa wabunge wake. Kwa hiyo ukisoma kwamba mtu alikuwa seneta na wakati huo huo mbunge wa Bunge hilo la Arusha, jua mwandishi amekosea. La pili ni Jukwaa la Kibunge la SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, lililoanzishwa mwaka 1997, makao yake Windhoek, Namibia. Humo hukaa maspika na wabunge walio madarakani. La tatu ni Bunge la Afrika, Midrand, Afrika Kusini, lililoanza mwaka 2004 na ambalo rais wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella.

Tofauti kubwa ni hii: Arusha wanatunga sheria. Windhoek na Midrand wanashauri. Wakuu wa nchi za SADC walikubali mwaka 2021 kwamba Jukwaa ligeuke kuwa bunge la SADC, lakini hata hilo lilikubaliwa likiwa bunge la kushauri, lisilotunga sheria.

Ukitaka kuona sheria ya Arusha kwa macho, nenda kasimame kwenye mzani wowote wa barabara ya Songea hadi Mtwara, malori ya makaa ya mawe yakishuka kutoka Ngaka kwenda bandarini. Uzito wa mwisho ni tani 56. Namba hiyo imo katika Sheria ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019. Wabunge wa nchi zile waliojadili ekseli ngapi na tani ngapi, wengi hawajawahi kufika Mtwara, lakini lami yetu inalindwa au inaumia kwa walichokiandika. Mtu akisema alikuza ushirikiano wa kikanda akiwa Arusha, kuna vitabu vya sheria vya kumpimia.

Lakini tazama ramani, mwanangu. Jirani yetu sisi ni nani? Ni Msumbiji. Mmakonde wa Newala ana shangazi ng'ambo ya mto Ruvuma, na Nachingwea ndiko Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikofanyia mazoezi ya vita vya ukombozi chini ya Samora Machel. Msumbiji haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Arusha hakuna mbunge hata mmoja anayetoka Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana nasi. Jirani yetu tunakutana naye SADC, kwenye jukwaa lisilotunga sheria. Kwa mtu wa Arusha au Mwanza ushirikiano wa kikanda maana yake ni Kenya na Uganda, na una bunge lake lenye meno. Kwa mtu wa Mtwara maana yake ni Msumbiji, kisha Malawi na Zambia, na hauna. Nchi hizo tatu pamoja na Tanzania zilitia saini makubaliano ya Ukanda wa Maendeleo wa Mtwara huko Lilongwe mwaka 2004, bandari na barabara mpaka Mbamba Bay na reli ya kilomita zipatazo elfu moja. Barabara tunayo. Reli tunaisoma kwenye hotuba za bajeti.

Kwa hiyo mlango wa kusini katika mambo ya kanda ni Bunge letu lenyewe la Dodoma, kupitia ibara ya 63(3)(e): kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Watu wanaipuuza ibara hii, siku ya azimio la kuridhia ukumbi huwa nusu tupu. Nguvu yake ilionekana Novemba 2016, Bunge lilipojadili mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya na kukataa uridhiwe. Baadaye Kenya ilikwenda kusaini wake peke yake, Desemba 2023. Upende au usipende uamuzi ule, huo ulikuwa mchango wa wabunge katika ushirikiano wa kikanda, na ulibadilisha biashara ya nchi nzima. Hapakuwa na safari ya ndege wala picha ya pamoja.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na kwenu na hauna furaha. Agosti 2003 wakuu wa SADC walikutana Dar es Salaam wakasaini mkataba wa kulindana, mwenyeji akiwa Benjamin Mkapa. Wakati ule karatasi kama ile ilionekana ya kidiplomasia tu. Oktoba 2017 wenye silaha wakaanza mashambulizi Mocímboa da Praia, ng'ambo yetu. Oktoba 2020 wakavuka mto wakashambulia kijiji cha Kitaya, wilaya ya Mtwara. Machi 2021 wakaiingia Palma. Julai mwaka huo kikosi cha SADC kikaingia Cabo Delgado, wanajeshi wa Tanzania wakiwemo, kikakaa huko mpaka mwaka 2024. Mkataba wa 2003 ulikuwa sehemu ya msingi wa kisheria wa safari ile. Wale waliokaa kwenye kamati miaka ya nyuma wakauliza maswali ya kuchosha juu ya vifungu vyake, hakuna aliyewaandikia gazetini.

Na huyo Mkapa unaweza kumtumia kumjibu anayesema watu wa kusini hatujawahi kuwa na mtu wa kanda. Mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Mbunge wa Nanyumbu mwaka 1985 hadi 1995. Novemba 30, 1999 alitia saini Arusha mkataba uliofufua Jumuiya ya Afrika Mashariki, pamoja na Moi na Museveni, na mwaka uliofuata nchi ikajitoa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ikabaki na SADC. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720 kuvuka mto Ruvuma, ni wazo la tangu enzi za Nyerere na Machel. Likafunguliwa Mei 2010 na Rais Kikwete na mwenzake wa Msumbiji, Guebuza, na upande wetu linatua Nanyumbu, katika jimbo lile lile alilolisemea Mkapa akiwa mbunge. Sisemi alilijenga yeye. Miaka 35 kutoka wazo mpaka utepe, wamepita humo wabunge, mawaziri na mabalozi wa kutosha kujaza basi la Dar.

Mimi mwenyewe nililivuka mwaka uliofuata baada ya kufunguliwa, nikakuta daraja zuri na ng'ambo barabara ya vumbi isiyo na gari. Nikasimama katikati nikawaza kwamba hapa kuna kazi ya mbunge ambayo haina hata hotuba: kuuliza kila bajeti, kwa wizara ya mambo ya nje na siyo ya ujenzi, lile lami la upande wa pili limefikia wapi katika mazungumzo ya nchi mbili. Swali likielekezwa wizara ya ujenzi, waziri atajibu kwa haki kabisa kwamba hiyo si nchi yake.

Basi huo wasifu wa seneta mlioubishania, urudieni mkiwa na haya. Kama umetaja muswada, kamati, kura ya kaunti yake katika mgawo wa fedha, au mkataba aliouunga mkono au kuupinga, ni wasifu wa mtu aliyefanya kazi. Kama umetaja mikutano aliyohudhuria na miji aliyofika, mwenzako wa karatasi ameshinda ubishi, mnunulieni chai.

Kuhusu mbunge wenu, Hansard iko wazi kwenye tovuti ya Bunge, kwa tarehe. Usianze na hotuba zake. Tafuta kwanza majibu ya mawaziri ambamo jimbo lenu limetajwa, andika ahadi na tarehe yake. Kisha fungua taarifa ya Kamati ya Bajeti ya kila Juni, uone ushuru wa korosho umetajwa ukurasa gani na umesemewa nini. Hiyo ni kazi ya jioni mbili, na data ya simu haitazidi bei ya kilo moja ya korosho daraja la pili. Bajeti huanza Aprili, kwa hiyo barua ya AMCOS kwenda kwa mbunge na nakala kwa kamati iwe imefika Februari, ikiwa na kifungu mnachotaka kibadilishwe na maneno mnayopendekeza yawekwe. Mkikwama kwenye kuyaandika hayo maneno, niletee rasimu. Jumamosi huwa nipo Masasi.